Kasoro za usalama kwenye vivinjari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikitoka habari kwamba Chrome au Firefox imekutwa na tundu, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Tumeyakusanya hapa, tukianza na ya msingi na kumalizia na ya watu wenye mazingira ya pekee. Kama una haraka, soma la 4 na la 5, mengine yatakusubiri.

## Mambo ya msingi

1. Kasoro ya kivinjari ni nini hasa? Si ndiyo virusi?

Hapana. Virusi hutengenezwa makusudi ili kudhuru. Kasoro ni kosa la walioandika kivinjari chenyewe, na mara nyingi hukaa humo miaka bila mtu kuliona. Vivinjari vikubwa vina mamilioni ya mistari ya msimbo, sehemu kubwa kwa lugha ya C++, ambayo humwachia mwandishi jukumu la kusimamia kumbukumbu ya kompyuta yeye mwenyewe. Programu ikigusa kipande cha kumbukumbu ambacho ilishakiachilia, mshambuliaji hodari anaweza kuwa ameshapanga vitu vyake pale. Timu ya Chromium, mradi ambao Chrome imejengwa juu yake, ilieleza kuwa takriban asilimia 70 ya kasoro zao nzito ni za namna hii ya kumbukumbu.

2. Kweli mtu anaweza kudukuliwa kwa kufungua tovuti tu, bila kupakua kitu?

Kweli, na imeshatokea. Machi 2025 wataalamu wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua barua pepe zilizotumwa kwa vyombo vya habari, vyuo na taasisi za serikali nchini Urusi, zikijifanya mialiko ya kongamano liitwalo Primakov Readings. Aliyebonyeza kiungo akiwa kwenye Chrome ya Windows, kompyuta yake ilikuwa imeshadukuliwa. Hakuulizwa nywila wala hakuombwa kupakua faili. Kasoro hiyo ilisajiliwa kama CVE-2025-2783, na Google ikatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, tarehe 25 Machi.

Kisa kingine ni cha picha. Septemba 2023 tundu lilikutwa ndani ya libwebp, maktaba ndogo ya msimbo inayosoma picha za aina ya WebP. Ili kuifungua picha, libwebp hutengeneza majedwali kwenye kumbukumbu, na nafasi ya majedwali hayo ilikuwa imekadiriwa mapema. Picha iliyopikwa kwa ustadi ilisababisha majedwali yazidi nafasi yake, data ikamwagikia kumbukumbu ya jirani. Apple na maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ndio waliotoa taarifa. Chrome ilipata kiraka tarehe 11 Septemba, Firefox tarehe 12. Na kwa kuwa maktaba hiyo inatumiwa na programu nyingi, Thunderbird, LibreOffice na Signal ya kompyuta nazo zilibidi zirekebishwe.

Ndiyo maana ule ushauri wa "usitembelee tovuti chafu" hautoshi. Picha au tangazo baya linaweza kukukuta kwenye gazeti unalolisoma kila asubuhi.

3. Kama ndivyo, mbona hatujadukuliwa sote?

Kwa sababu kuingia ni kazi ngumu na ya gharama. Kivinjari cha leo huendesha ukurasa ndani ya boksi lisiloruhusiwa kugusa mafaili yako. Kwa kawaida mshambuliaji anahitaji kasoro mbili au zaidi, moja ya kuuteka ukurasa na nyingine ya kutokea nje ya boksi. Kwenye Pwn2Own la Vancouver, shindano la kudukua kwa zawadi, Machi 2024, mtafiti Manfred Paul alizivunja Chrome, Edge, Safari na Firefox na kuondoka na dola 202,500. Kutoka kwenye boksi la Firefox ndiko alikofanya mwishoni, na siku iliyofuata Mozilla, wenye Firefox, ikatoa toleo 124.0.1. Mwenye silaha ya bei hiyo haitumii kwa mtu anayetafuta matokeo ya mpira, huiwekea akiba mlengwa maalumu.

Hesabu hubadilika siku kiraka kinapotoka. Msimbo wa Chromium uko wazi kwa kila mtu, hivyo mjuzi hulinganisha wa jana na wa leo, akaona palipozibwa, akatambua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia hapo kulitumia hakuhitaji tena mamilioni ya fedha. Google walipoona hilo, tangu Agosti 2023 wanatoa masasisho ya usalama ya Chrome kila wiki. Kwa hiyo, kwa mtu wa kawaida, hatari kubwa iko baada ya kiraka kutoka, katika zile siku ambazo kiraka kipo ila yeye hana. Karibu kila jibu linalofuata linahusu kuzipunguza siku hizo.

## Kusasisha

4. Nitajuaje kama kivinjari changu kiko sawa?

Kwenye Chrome ya kompyuta, andika chrome://settings/help sehemu ya anwani. Kwenye Edge ni edge://settings/help. Kwenye Firefox nenda kwenye menyu ya msaada, kisha "Kuhusu Firefox". Kuufungua tu ukurasa huo hukilazimisha kivinjari kutafuta toleo jipya, kwa hiyo kuangalia na kusasisha ni tendo moja.

Namba ya toleo isome mpaka mwisho. Wakati wa sakata la WebP, Chrome 116.0.5845.179 ilikuwa na tundu na 116.0.5845.187 ilikuwa imezibwa. Mtu aliyeona 116 akaridhika alikuwa bado yuko hatarini.

Chrome pia hukuashiria kwa rangi kwenye kona ya juu kulia: kijani sasisho likiwa na umri wa chini ya siku mbili, chungwa likifika kama siku nne, na jekundu likitimiza wiki au zaidi. Ukiona jekundu, hiyo wiki yote ulikuwa unavinjari na tundu linalojulikana.

Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako, ingia sehemu ya kusimamia programu na kifaa. Kwa iPhone soma swali la 10, mambo yake ni tofauti.

5. Chrome inajisasisha yenyewe. Kwa nini mnanisumbua niifunge na kuifungua upya?

Kwa sababu toleo jipya likishapakuliwa hukaa kwenye diski, huku lile la zamani likiendelea kufanya kazi kwenye kumbukumbu mpaka ulifunge. Wenye laptop wengi hawafungi kitu. Wanafunika kifuniko, kesho wanafunua, vichupo sitini viko pale pale, na toleo lililo kazini ni la wiki mbili zilizopita. Ni sawa na kununua kitasa kipya na kukiacha mezani.

Hofu ya kupoteza vichupo haina msingi sana. Ukitumia kitufe cha kufungua upya kilichopo kwenye ukurasa tuliotaja hapo juu, vichupo hurudi vyenyewe. Visivyorudi ni vya hali fiche, na fomu uliyoijaza nusu inaweza kupotea, kwa hiyo kama uko katikati ya maombi ya kazi au ya pasipoti, maliza kwanza. Wanaotumia simu wana nafuu, kwani Android huifunga programu inapoisasisha.

6. Bando langu ni dogo. Lazima nisasishe kila kitu?

Si kila kitu. Ila hapa kuna mtego ambao watu wengi wa kwetu wamo bila kujua. Play Store nyingi zimewekwa zisasishe programu kwenye Wi-Fi tu. Kwa mtu mwenye Wi-Fi nyumbani ni mpango mzuri. Kwa anayeishi kwa bando mwaka mzima, maana yake ni kwamba simu inasubiri Wi-Fi isiyokuja, na kivinjari chake ni kile kile alichokuja nacho kutoka dukani.

Fanya hivi: usibonyeze "sasisha zote". Chagua kivinjari unachotumia, Android System WebView (swali la 18) na programu unazochatia, sasisha hizo kwa mkono, basi. Michezo na vichujio vya picha viache. Mara nyingi Play Store hupakua sehemu iliyobadilika tu badala ya programu nzima, kwa hiyo anayesasisha mara kwa mara hupakua kidogo kidogo. Ukiwa na bando la usiku lipe kazi hiyo. Na kama nia ni kubana matumizi, zima video zinazojicheza zenyewe kwenye mitandao ya kijamii, maana huko ndiko bando linakoishia.

7. Tovuti imeniambia Chrome yangu imepitwa na wakati na imenipa kitufe cha kupakua. Nibonyeze?

Usibonyeze. Sasisho la kweli halitoki ndani ya ukurasa wa tovuti, linatoka kwenye menyu ya kivinjari au kwenye duka la programu. Kuna kundi zima la programu hasidi, SocGholish, linaloishi kwa ujanja huu. Wahusika huvunja tovuti halali za watu, kisha huonyesha ujumbe unaofanana kabisa na wa Chrome au Firefox. Ukipata shaka, funga kichupo, fungua ukurasa wa swali la 4. Kama sasisho lipo, utalikuta huko.

Toleo jipya la utapeli huo lilishika kasi mwaka 2024. Ukurasa unakuomba uthibitishe kuwa wewe si roboti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Kinachotokea ni kwamba ukurasa umeshaweka amri kwenye ubao wako wa kunakili, na wewe unaibandika na kuiendesha kwa mkono wako. Hapo halihitajiki tundu lolote, na hakuna kiraka kitakachokuokoa. Tovuti yoyote inayokuelekeza kubonyeza Windows na R, ifunge bila kujadiliana nayo.

8. Rafiki anaweza kunirushia Chrome mpya kwa Xender ili nisitumie bando?

Hatushauri. Android ina kinga moja nzuri: faili la kughushi haliwezi kusakinishwa juu ya Chrome uliyo nayo kwa sababu saini zake hazilingani, simu italikataa. Lakini mtengenezaji wa bandia anaweza kulipatia faili lake jina tofauti la ndani, likakaa pembeni kama programu nyingine, na nembo ile ile ya duara la rangi nne. Utajikuta na Chrome mbili na hujui unafungua ipi. Matoleo "yaliyoboreshwa" yanayozunguka kwenye magrupu ya Telegram ndiyo mabaya zaidi, usiyaguse.

## Kuchagua kivinjari

9. Kipi ni salama kuliko vyote?

Kile ambacho viraka vyake vinatoka haraka na wewe unavipokea. Chrome, Edge, Brave, Opera, Vivaldi na Samsung Internet vyote vimejengwa juu ya Chromium, kwa hiyo tundu la Chrome kwa kawaida ni lao pia. Tofauti ni siku ngapi kila mmoja huchukua kuleta kiraka kile kile. Wanaobaki na injini zao, yaani ile sehemu inayousoma na kuuonyesha ukurasa, ni Firefox na Safari.

Firefox si dhaifu kama wanavyodai mashabiki wa Chrome. Oktoba 2024 ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliwapa Mozilla taarifa ya kasoro iliyokuwa ikitumiwa na kundi liitwalo RomCom, na kiraka kikatoka ndani ya saa 25. Kuwa na vivinjari viwili ni jambo jema, mradi kile cha akiba usikisahau. Kivinjari ambacho hujakifungua tangu mwaka jana, siku utakapokifungua kitakuwa na matundu ya mwaka mzima, na mara nyingi unakifungua kwa sababu una haraka.

10. Natumia Chrome kwenye iPhone. Nikiisasisha inatosha?

Haitoshi. Ukiacha nchi za Umoja wa Ulaya, ambako Apple ililegeza sharti mwaka 2024, na Japani, iliyofuata mwaka 2025, vivinjari vya iPhone vyote hutumia injini ya Apple, WebKit, ndani yake. Chrome unayoiona ni sura ya nje tu. Tundu la WebKit huzibwa kwa kusasisha iOS yenyewe, kupitia mipangilio ya jumla ya simu. Anayesasisha programu zote App Store na kuahirisha iOS "mpaka nipate nafasi kwenye simu" hajaziba kitu.

11. Vipi Opera Mini, au kivinjari kilichokuja na simu?

Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa, kisha ukaletwa kwako. Kwa kusoma habari ni sawa, na bando linadumu. Ila maana yake ni kwamba kuna mtu wa kati kati yako na tovuti, kwa hiyo mambo ya benki yafanyie kwenye kivinjari cha kawaida.

Simu za Tecno, Infinix na itel nyingi huja na Phoenix. Kwa kivinjari chochote kilichokuja na simu, angalia kwenye duka kilisasishwa lini mara ya mwisho. Kikiwa na miezi mingi, kiache. Usidhani pia kuwa umaarufu ni dhamana: mwaka 2015 Citizen Lab walionyesha kwamba UC Browser, iliyokuwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikirusha taarifa nyeti za watumiaji bila usimbaji wa maana.

12. Hali fiche, VPN au antivirusi vitanikinga?

Hali fiche huficha historia kwa anayeshika simu yako baadaye, haizibi tundu. VPN hubadilisha njia ya data, na ukurasa mbaya ukifika umefika. Antivirusi inaweza kunasa kile kinachoingizwa baada ya tundu kutumika, na kwenye Windows ile iliyokuja nayo inatosha kwa wengi.

## Viendelezi na nywila

13. Viendelezi vina hatari gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kiendelezi, programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari, hakihitaji kuvunja boksi, umekiruhusu wewe mwenyewe kusoma kila ukurasa unaoufungua. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kizuri cha kupumzisha vichupo, chenye watumiaji wengi. Mmiliki wake alikiuza mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima ikisema kina programu hasidi. Mkesha wa Krismasi 2024 ilikuwa zamu ya Cyberhaven, tena hiyo ni kampuni ya usalama. Mfanyakazi alinaswa na barua pepe ya ulaghai, na washambuliaji wakasukuma toleo chafu la kiendelezi kupitia njia halali ya masasisho.

Tazama kichekesho chake: tumekuwa tukihimiza kusasisha tangu swali la 4, na hapa sasisho ndilo lililoleta madhara. Dawa ni kuwa navyo vichache. Fungua chrome://extensions na uondoe kila ambacho hukumbuki kwa nini ulikiweka. Vinavyobaki, vipe ruhusa ya kusoma tovuti pale tu unapovibofya, badala ya tovuti zote wakati wote.

14. Nihifadhi nywila ndani ya kivinjari?

Kwenye kifaa chako mwenyewe chenye kufuli, ndiyo, kuliko kutumia nywila moja kila mahali. Faida isiyosemwa sana ni kwamba kivinjari hakijazi nywila kwenye anwani bandia hata kama jicho lako limedanganyika. Upande wa pili, programu hasidi za kuiba, kama Lumma ambayo Microsoft na washirika waliiporomoshea miundombinu Mei 2025, huzoa nywila na vidakuzi vyote vilivyohifadhiwa (vidakuzi ni alama ndogo zinazoifanya tovuti ikukumbuke kuwa umeshaingia) kwa mpigo mmoja. Akaunti ya barua pepe iwekee uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya nyingine zote, maana kupitia hiyo ndiyo zote hurejeshwa.

## Vifaa vya zamani na vya watu wengine

15. Kompyuta yangu ni Windows 7 na inafanya kazi vizuri. Kuna shida?

Ipo. Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Matundu mengi ya Chrome yaliyotangazwa baada ya hapo, kwako yako wazi. Firefox iliendelea kutoa tawi lake la 115 kwa mashine hizo na kuliongezea muda, hivyo ni afadhali, ila si pa kukaa milele. Kama mashine ina RAM ya GB 4, Linux Mint itaipa maisha mapya na kivinjari cha leo.

Kwa Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, hali si mbaya kwa upande wa kivinjari. Microsoft imeahidi Edge itaendelea kusasishwa humo hadi angalau Oktoba 2028. Kivinjari kizima kwenye mfumo usiozibwa bado ni nusu ya ulinzi, lakini si sawa na Windows 7.

16. Na simu ya Android ya zamani?

Angalia kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu". Tangu Chrome 139, ya Agosti 2025, inatakiwa Android 10 au zaidi, kwa hiyo Android 8 na 9 zimekwama kwenye 138. Android 7 ilikwama 119. Firefox ilikuwa bado inazipokea 8 na 9 wakati Chrome inaziacha, na inakuja na injini yake yenyewe, hivyo ihamie.

Kama simu haipokei tena kivinjari chochote cha leo, itumie kwa kupiga, na miamala ya pesa ifanye kwa menyu ya nyota: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya. Haina urembo, lakini haipiti kwenye kivinjari.

17. Natumia kompyuta ya cyber au ya steshenari kwa eCitizen au mkopo wa chuo. Nijilinde vipi?

Kabla ya kuandika nywila yoyote, andika chrome://version juu pale. Ukiona 109, uko kwenye mashine ya swali la 15. Kama una simu nzuri, ingia kwenye akaunti kwa simu, pakua fomu, mtumie mwenye duka faili la kuchapa tu. Ukilazimika kuingia pale pale, kataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila, toka kwenye akaunti wewe mwenyewe badala ya kufunga dirisha, na badilisha nywila ukifika nyumbani. Usimwachie mhudumu nywila iliyoandikwa kwenye karatasi ili "akumalizie baadaye", hata kama ni mtu unayemjua.

18. Viungo ninavyofungua ndani ya TikTok au Instagram vinatumia kivinjari kipi?

Programu nyingi za Android hufungua kurasa ndani yake kwa kutumia Android System WebView, ambayo nayo imejengwa juu ya Chromium. Tangu Android 5 husasishwa kupitia Play Store kama programu nyingine, ila haina nembo kwenye skrini, kwa hiyo husahaulika. Itafute kwa jina. Kiungo usichokiamini, kwanza usikifungue, na cha muhimu kama cha malipo kifungulie kwenye kivinjari kamili kupitia ile menyu ya nukta tatu, uone anwani yote.

## Hali za pekee

19. Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege ni hatari?

Si kama zamani, kwa kuwa tovuti nyingi sasa ni https, yaani data husafiri ikiwa imefichwa kwa walio njiani. Hatari imebaki kwenye http tupu. Mwaka 2023 Ahmed Eltantawy, mwanasiasa wa Misri aliyekuwa ametangaza nia ya kugombea urais, alikuwa akitumia data ya simu, si Wi-Fi ya mtu. Alipofungua tovuti isiyo ya https, kifaa kilichokuwa kwenye njia ya mtandao kilimwelekeza kimyakimya kwenye ukurasa wenye kutumia matundu ya iPhone, ili kumwekea Predator, programu ya ujasusi. Apple iliyaziba Septemba mwaka huo. Washa mpangilio wa kutumia https kila mara, upo Chrome na Firefox pia. Kivinjari kitakuonya kabla ya kufungua http, na wewe uwe na mazoea ya kurudi nyuma.

20. Mimi ni mwandishi wa habari. Kuna kinga ya ziada?

Ipo, na kwako inafaa usumbufu wake. Matundu mengi hupita kwenye sehemu ya injini inayoharakisha JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za tovuti. Lockdown Mode ya iPhone, iliyokuja na iOS 16 mwaka 2022, huizima sehemu hiyo pamoja na mengine. Edge ina hali ya usalama ulioimarishwa, na Chrome ina mpangilio wa kuzima uboreshaji wa JavaScript kwa tovuti zote au chache. Baadhi ya kurasa zitakuwa nzito. Kwa mtu wa matumizi ya kawaida hatuhimizi, maana akiona uzito ataizima na kusasisha pia ataacha.

21. Nimeshabonyeza kiungo cha ajabu. Sasa nifanye nini?

Inategemea. Kama ulifungua tu na kivinjari chako kilikuwa cha siku hizo, uwezekano mkubwa hakuna kilichotokea. Sasisha, funga, fungua upya, endelea na kazi. Kama uliandika nywila, ibadilishe sasa hivi kwa kutumia kifaa kingine, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, kwa sababu mwizi wa vidakuzi hahitaji nywila mpya. Kama ulipakua na kuendesha faili, au ulifuata maelekezo ya Windows na R, kata intaneti kwenye mashine hiyo na mpigie fundi. Ikiwa ni ya ofisi, waambie watu wa TEHAMA siku hiyo hiyo. Tanzania unaweza kutoa taarifa kwa TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, Kenya kwa KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

22. Mfumo wa ofisi yetu unafunguka kwa Internet Explorer peke yake. Tufanyeje?

Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na kuiacha kazini kwa ajili ya mfumo mmoja ni kuiacha iwe mlango wa mifumo yote. Edge ina hali ya IE inayofungua tovuti kama hizo, na Microsoft imesema itaihudumia hadi angalau 2029. Mtu wa TEHAMA aorodheshe anwani za mfumo huo tu ndizo zifunguke kwa hali hiyo. Kosa tunaloliona ni mtu kuiwasha kwa kila tovuti kwa sababu "inafanya kazi", halafu mhasibu anasoma barua pepe humo humo. Wakati huo huo anzeni kumdai aliyewauzia mfumo awape toleo lisilohitaji IE, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hamjalipia matengenezo ya mwaka unaofuata.